Betri sita za mwaka 1969: historia fupi ya mashine ya kukata majani

Kwenye boksi la mashine ya kukata majani inayotumia betri, kitu cha kwanza utakachokiona ni namba. 40V. 56V. 80V. Mara nyingine namba imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Muuzaji naye atakwambia kubwa ndiyo nzuri, basi, lipa uondoke. Lakini hiyo volti haikwambii mashine itakata kwa muda gani. Wala haikwambii jambo ambalo mimi naona linazidi yote: miaka mitano ijayo betri ikichoka, nani atakuuzia nyingine?

Hilo swali si jipya. Kuna mashine moja ya mwaka 1969 iliyolijibu vizuri bila hata kukusudia. Ila ili tufike huko inabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye kiwanda cha nguo.

Tuliosoma shule za huku kwetu tunalijua fyekeo. Ukichelewa namba, unapimiwa kipande cha uwanja ufyeke. Uingereza kabla ya 1830 hali ilikuwa inafanana, isipokuwa chombo kilikuwa mundu wenye mpini mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na wafyekaji walikuwa vibarua wa matajiri. Walianza kazi alfajiri, maana jani lenye umande hukatika vizuri kwa mundu kuliko jani kavu. Uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba ulikuwa tangazo: mwenye nyumba ana ardhi ambayo hahitaji kuilima, na ana pesa ya kulipa watu waifyeke.

Edwin Beard Budding alikuwa fundi mitambo wa karibu na Stroud, Gloucestershire, eneo lililojaa viwanda vya nguo za sufu. Kitambaa cha sufu huwa na manyoya manyoya juu yake ambayo lazima yanyolewe yawe usawa mmoja. Viwandani kulikuwa na mashine ya kazi hiyo: visu vilivyojipinda kuzunguka mhimili, vinazunguka juu ya ubao wa chuma, kitambaa kinapita katikati. Budding akaona kwamba kitambaa na uwanja wa majani ni tatizo lile lile moja. Tarehe 31 Agosti 1830 akapata hataza ya mashine ya kusukuma kwa mikono, na mwenye kiwanda cha chuma wa hapo Thrupp, John Ferrabee, akaingia naye ubia wa kuitengeneza. Inasimuliwa kwamba Budding aliijaribu usiku ili majirani wasimwone kichaa. Upana wa mkato wake ulikuwa kama sentimita 48. Pima mashine nyingi za madukani leo, utakuta bado tupo hapo hapo.

Mashine za mwanzo zilikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, na kwenye vyuo vya Oxford. Kutoka Regent's Park taarifa ikawa kwamba watu wawili na mashine wanafanya kazi ya wafyekaji sita hadi wanane. Kumbuka hao wengine wanne au sita. Kwenye hataza Budding aliandika kwamba hata waungwana wa mashambani wangeweza kuisukuma wenyewe kama mazoezi ya kujifurahisha. Hakuandika wafyekaji wangefanya nini.

Kwa nini nimekaa sana na visu vya Budding? Kwa sababu vinakata kama mkasi. Jani linabanwa kati ya kisu kinachozunguka na kisu kilichotulia, linakatika kwa nguvu kidogo sana. Ukitaka kuhifadhi nishati, hii ndiyo njia. Shida yake ni moja: majani yakishakuwa marefu, visu vinayalaza badala ya kuyakata.

Karne ya 19 iliyobaki tunaipita haraka. Mashine zikafungwa farasi, na farasi wakavalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe uwanja. Mwaka 1893 James Sumner wa Leyland akaleta ya mvuke, nzito, na ya kusubiriwa mpaka maji yachemke. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ikauza ya petroli. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na sababu ni ya hesabu tu.

Lita moja ya petroli ina nishati ya kama wati-saa 9,000. Injini ndogo ya mashine ya majani inapoteza sehemu kubwa kama joto na kelele. Ukipata sehemu moja ya tano ikawa kazi umepata. Hiyo bado ni karibu wati-saa 1,800. Sasa linganisha na betri ya kawaida ya leo ya mashine ya nyumbani, tuseme 40V yenye 5Ah: ina wati-saa 180 hivi. Lita moja ya petroli, pamoja na upotevu wake wote, ni sawa na betri kumi. Mwenye petroli hana haja ya kuhesabu nishati. Ndiyo maana injini ilipozoeleka watu walianza kukata majani kwa njia ya kifujaji kabisa.

Njia yenyewe ni kisu kimoja kirefu kinachozunguka kwa kulala, kama feni iliyogeuzwa. Hakibani jani, kinalipiga. Ili jani likatike kabla halijainama, ncha ya kisu lazima iende kasi mno. Kiwango cha usalama cha Marekani kimeweka mwisho kuwa kama mita 96 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Hii aina ilienea miaka ya 1950. Mashine iliyopendwa kuliko zote kule Australia ilitengenezwa mwaka 1952 na Mervyn Victor Richardson kwenye gereji yake Sydney, kwa vyuma chakavu, na tenki la mafuta la kwanza lilikuwa kopo la matunda ya pichi. Akaiita Victa. Waaustralia wanaipenda kiasi kwamba ilitokea kwenye sherehe za ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Na hapa sisi tunaingia kwenye hadithi bila kualikwa. Moja ya nyasi zinazowatoa jasho watu wa Sydney ni nyasi za Kikuyu, zilizotoka kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina la hapa hapa kwetu. Zilipelekwa Australia, Afrika Kusini na California mwanzoni mwa karne ya 20, zikakubali udongo kupita matarajio. Zinatambaa, zinasukana, zinatengeneza godoro. Kwa godoro kama hilo kisu cha kupiga kilikuwa msaada wa kweli. Kwa hiyo ukiwa Limuru au Arusha ukanunua mashine ambayo boksi lake linaahidi dakika 45 za kazi, jua hizo dakika zilipimwa kwenye majani laini, makavu, mafupi. Kwenye nyasi za Kikuyu baada ya masika, tarajia pungufu sana.

Sasa 1969. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa trekta dogo la bustani lisilo na petroli kabisa, likiitwa Elec-Trak. Unakaa juu yake, unakata majani, ukimaliza unachomeka ukutani. Mifano mikubwa ilitumia betri sita za volti 6, jumla volti 36, na zilikuwa betri za asidi na risasi za aina ile ile inayotumika kwenye vigari vya gofu. Kila moja ilizidi kilo 25. Uzito huo wote haukuwa hasara tupu, kwani trekta linahitaji uzito ili magurudumu yashike ardhi. Hata hivyo biashara haikuwalipa. Katikati ya miaka ya 1970 General Electric ikaachana nalo.

Kwa kawaida mashine ya umeme ya kampuni iliyojitoa sokoni inakuwa chuma chakavu ndani ya miaka michache. Elec-Trak haikufa. Mpaka leo kuna watu Marekani wanakata nazo majani. Siri ni zile betri. Kwa kuwa zilikuwa za kawaida, mwenye trekta hakuihitaji General Electric tena. Akienda duka lolote la betri za gofu anabeba sita mpya, anarudi nyumbani, anafunga nyaya. Miaka zaidi ya hamsini!

Betri za lithiamu zilikuja na tabia tofauti. Sony walianza kuziuza mwaka 1991 kwa ajili ya kamera za video. Mwaka 2005 Milwaukee walitoa vifaa vya ufundi vya volti 28 vinavyotumia lithiamu, na mashine za bustani zikafuata njia hiyo. Kwa kilo moja, lithiamu inabeba nishati mara nne au zaidi ya risasi. Ukiongeza mota zisizo na brashi, ambazo hazipotezi nishati kwa msuguano na cheche, zile wati-saa 180 zikaanza kutosha ua mdogo. Umeme wa uniti moja ya LUKU unaijaza betri hiyo mara tano hivi.

Hebu tuifungue hiyo betri. Ndani kuna seli nyingi, kila moja kubwa kidogo kuliko betri ya rimoti. Seli ina volti 3.6 kwa wastani, ila ikitoka kwenye chaji inafika 4 na ushee. Panga kumi kwa mstari: wastani ni volti 36, lakini mtengenezaji anahesabu ile 4 ya juu, anaandika 40V. Kwa hesabu hiyo hiyo, 20V ya kampuni moja na 18V ya kampuni nyingine ni seli tano zile zile. Si uongo kabisa, lakini ni ujanja wa soko. Ukitaka ukweli zidisha volti ya wastani kwa Ah upate wati-saa, na mara nyingi wati-saa zimeandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa betri. Soma huko. Volti kubwa ina faida yake: kazi ile ile inafanyika kwa mkondo mdogo wa umeme, nyaya hazipati joto sana. Lakini 80V yenye 2Ah ina wati-saa chache kuliko 40V yenye 5Ah, na bei yake mara nyingi iko juu.

Msukumo mkubwa kuelekea betri umetoka California, ambako sheria iliyosainiwa Oktoba 2021 ilifungua njia ya kuzuia uuzaji wa mashine mpya nyingi za bustani za petroli kuanzia mwaka 2024. Bodi ya hewa ya jimbo hilo ilieleza kwamba kuendesha mashine ya majani ya kibiashara kwa saa moja kunatoa uchafuzi unaotengeneza moshi-ukungu sawa na gari jipya likienda maili 300, kama Nairobi hadi Mombasa. Watu huwa wanaielewa vibaya hii takwimu. Haisemi habari ya kaboni dayoksaidi. Inasema habari ya gesi zinazoumiza mapafu, na mapafu ya kwanza kuzipata ni ya yule aliyeshika mpini.

Lakini mapafu mengine yako Kolwezi. Kongo inachimba karibu asilimia 70 ya kobalti yote duniani, na sehemu yake inatoka kwa wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni bila kinga, watu ambao wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Betri nyingi za vifaa hivi zina kobalti. Ipo aina ya lithiamu inayotumia chuma na fosfeti badala yake; ni nzito zaidi kwa nishati ile ile, lakini inadumu kwa chaji nyingi zaidi. Kwa mashine inayosukumwa kwenye magurudumu, nusu kilo ya ziada sidhani kama ni sababu ya kuikataa ukiipata.

Turudi dukani. Ulizia bei ya betri peke yake kabla ya bei ya mashine. Usishangae ikakaribia nusu ya bei yote. Uliza kama betri hiyo inaingia kwenye drili au msumeno ambao tayari unao. Mwaka 2020 Bosch na Gardena walianzisha ushirikiano wa kutumia betri moja ya volti 18 kwa vifaa vya kampuni zaidi ya moja, na Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii lazima mtumiaji aweze kuzitoa na kuzibadili, na ziendelee kupatikana kwa angalau miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho kuuzwa. Sheria hiyo haifiki Kariakoo. Huku tuna mafundi wanaofungua betri na kubadilisha seli, na kazi yao ni nzuri, ila kampuni nyingine zimeweka saketi inayokataa kuwaka ikishafunguliwa. Muulize fundi wako kwanza ni zipi ameshazifungua zikakubali kuwaka tena.

Ukishaipata, usiiache betri kwenye banda la mabati. Joto linaizeesha kuliko kazi. Msimu wa kiangazi ukiwa hukati, iweke ndani ya nyumba ikiwa na chaji nusu, si imejaa wala si imeisha.

Na kama ua wako ni wa hatua kumi kwa kumi, na una subira ya kukata kila wiki kabla majani hayajalala, ile mashine ya Budding ya kusukuma kwa mikono bado inatengenezwa. Visu vyake vinanolewa.