Sheng na Maoni juu ya Mavazi ya Vijana

Sheng, lugha ya mitaani iliyozaliwa Eastlands, Nairobi, na kufuata barabara ya Namanga hata Kitengela na Kajiado, huathiri mno maoni yaandikwayo kuhusu mavazi ya vijana. Maana mwandishi asemaye kijana "amevaa suruali" amearifu tu, ilhali asemaye "amedunga long'i" amekwisha kusimama upande wa kijana huyo. Vivyo hivyo "kamera", kwa wauza mitumba, ni nguo bora iliyochaguliwa robota lifunguliwapo, na sifa imo ndani ya neno lenyewe. Lakini neno laweza pia kuumiza: kumwona kijana wa Kimaasai amejitanda shuka nyekundu juu ya jinzi, na viatu vya akala miguuni, kisha kumwita mhuni, ni dhuluma iliyo wazi. Kinyume na hayo, jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, liliwaandikia vijana kwa Sheng bila kuwadharau.