Mafuta ya Nguruwe na Chungu cha Wote: Jinja na Mbale

Makala haya yanadai kwamba mafuta ya nguruwe yalibaki pembezoni mwa mapishi ya Jinja na Mbale kwa sababu ya ujirani, si kwa uhaba wa nguruwe. Mbale ilianzishwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1919 alishika Agano la Kale na kuasisi jamii ya Abayudaya, ambao, sawa na majirani zao Waislamu, hawali nguruwe. Jinja nayo ilikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao wasiogusa nyama yoyote. Aliyealika majirani alihitaji mafuta yasiyomtenga mgeni: samli, ufuta au karanga, ambazo hadi leo huunga malewa ya Wamasaba. Pamba, iliyoingizwa Uganda mwaka 1903, iliongeza mafuta ya mbegu zake. Msamiati unashuhudia hayo: Kiswahili kina samli kwa mafuta ya maziwa na shahamu kwa mafuta ya wanyama kwa jumla, ilhali mafuta ya nguruwe hayana neno lao. Leo nguruwe hukaangwa waziwazi mijini humo. Hata hivyo, penye wageni wa dini mbalimbali, mpishi hawezi kupuuza swali la mafuta aliyotumia.