Majeruhi Watatu wa Battle Creek

Wahenga walinena: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huikariri bila taabu. Lakini ni nadra kuiona ikithibitika kwa watu watatu waliolazwa katika hospitali moja. Hospitali yenyewe ilikuwa Percy Jones, katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Jengo hilo lilikuwa nyumba kubwa ya kuuguzia wagonjwa matajiri kabla ya kununuliwa na jeshi mwaka 1942. Humo ndimo walimotibiwa Philip Hart, Robert Dole na Daniel Inouye, maofisa vijana waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Baadaye wote watatu waliingia katika Seneti, yaani baraza la juu la Bunge la Marekani.

Hart, aliyezaliwa mwaka 1912, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, naye alikuwa mwanasheria tangu kabla ya vita. Alijeruhiwa mkononi tarehe 6 Juni 1944, majeshi yalipotua katika ufuko wa Normandy, Ufaransa.

Dole alitoka katika mji mdogo wa Russell, jimbo la Kansas. Tarehe 14 Aprili 1945, katika milima ya Italia karibu na Castel d'Aiano, alipigwa vibaya begani na mgongoni. Alikaa hospitalini zaidi ya miaka mitatu, na mkono wake wa kulia haukupata nguvu tena. Watu wa mji wake walichangishana fedha kwa ajili ya matibabu yake. Naye daktari Hampar Kelikian wa Chicago, mhamiaji wa Kiarmenia, alimpasua bila kumtoza malipo.

Habari ya Inouye ina uchungu wa namna yake. Alizaliwa Honolulu mwaka 1924, mtoto wa ukoo wa Kijapani. Ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, kijana huyu alikwenda kuwahudumia majeruhi. Hata hivyo, vijana wa asili yake walihesabiwa kuwa kama raia wa adui, wakakataliwa jeshini. Huko bara, Wajapani wapatao 120,000, wengi wao wakiwa raia halali wa Marekani, waliondolewa majumbani mwao wakafungiwa makambini. Mwaka 1943 jeshi lilipowafungulia mlango, Inouye alijiunga na Kikosi cha 442, kilichoundwa kwa askari wa asili ya Kijapani. Tarehe 21 Aprili 1945, wiki moja tu baada ya Dole kuumia, alikuwa akiongoza askari wake kupanda kilima karibu na San Terenzo, Italia. Alipoinua mkono kurusha bomu la mkononi, adui aliuvunja mkono huo. Bomu likabaki limeshikwa na vidole visivyomtii tena. Alilichomoa kwa mkono wa kushoto, akalirusha. Madaktari wakaukata mkono wa kulia, na ndoto yake ya kuwa daktari wa upasuaji ikakatika pamoja nao.

Koleo limevunjika, mhunzi afanyeje? Inouye alisimulia baadaye kwamba huko hospitalini alimwuliza Dole anakusudia kufanya nini maishani. Dole akamweleza: atasomea sheria, agombee kazi ya mwendesha mashtaka wa wilaya, aingie katika bunge la jimbo, kisha aende Washington. Inouye aliupenda mpango huo akauchukua. Hawaii ilipofanywa jimbo mwaka 1959, yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wake wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi. Mwenye mpango alifika mwaka 1961, miaka miwili nyuma ya mwanafunzi wake!

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mateso ya aina moja huzaa siasa ya aina moja. Hart na Inouye walikuwa wa chama cha Democratic, Dole wa Republican. Dole alikuwa mwenyekiti wa chama chake tangu 1971 hadi 1973, wakati wa Rais Nixon. Mwaka 1973 Inouye aliketi katika kamati ya Seneti iliyochunguza kashfa ya Watergate, iliyomwangusha Nixon. Wala tusidhani kwamba kovu ni tikiti ya kupatia cheo. Dole aligombea urais mwaka 1996, akashindwa na Bill Clinton, ambaye hakupata kuwa askari. Na Inouye alingoja miaka 55, hadi Juni 2000, ndipo akavishwa Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote jeshini.

Basi tuwapime kwa lipi? Kwa kazi. Mwaka 1965 Hart aliuongoza katika Seneti mjadala wa sheria iliyolinda haki ya Wamarekani weusi kupiga kura. Dole alichagua tarehe 14 Aprili 1969, siku aliyotimiza miaka 24 tangu kujeruhiwa, kutoa hotuba yake ya kwanza katika Seneti. Alizungumzia haki za walemavu, na mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria kuu ya haki hizo hadi ikapita. Inouye alidumu katika Seneti tangu 1963 hadi kufa kwake, tarehe 17 Desemba 2012. Vita viliwapa majeraha bila kuwauliza. Matumizi ya majeraha hayo waliyachagua wenyewe.

Jengo la Battle Creek, ambalo tangu mwaka 2003 lina majina yao watatu, laweza kubomoka siku moja. Lakini yafaa kukumbuka lililotokea Desemba 2012, jeneza la Inouye lilipowekwa katika ukumbi wa Bunge. Dole, mzee wa miaka 89, mpinzani wake wa kisiasa kwa muda wa nusu karne, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Akakataa kulifikia jeneza akiwa ameketi. Aliinuka, akashikwa mkono, akatembea hatua kwa hatua, kisha akampigia mwenziwe saluti kwa mkono wa kushoto.