Kijiti Kinachopokewa Bila Kutazamwa

Tarehe 10 Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, Julius Sang wa Kenya alipokea kijiti cha mwisho cha mbio za mita 4x400 huku Karl Honz wa Ujerumani Magharibi akiwa mbele yake. Honz alichomoka kwa pupa, pumzi zikamwishia kabla ya mstari. Sang akampita. Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Sang wakatwaa dhahabu kwa dakika 2:59.83, Wajerumani wakaambulia nafasi ya nne.

Marekani haikuwamo, kwa sababu wakimbiaji wake wawili walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Wapo wanaoipunguzia thamani dhahabu ile kwa hilo. Mimi siwaafiki: Kenya ilikuwa ya pili Mexico mwaka 1968, na ilishinda mbio hizohizo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970.

Ila katika 4x400 mpokeaji hugeuka akatazama, maana anayemletea kijiti amechoka na kasi yake haitabiriki. Mtihani wa mikono uko kwenye 4x100. Huko anayegeuka kutazama amekwisha kuachwa.

Kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 wakimbiaji wa mbio za kupokezana waligusana mikono tu. Kijiti kilikuja Stockholm mwaka 1912, na palepale kikaanza kuumbua watu: katika 4x100 Marekani iliondolewa nusu fainali, Ujerumani ikaondolewa fainali, zote kwa makosa ya kupokezana, Uingereza ikabeba dhahabu. Mwaka 1936, mjini Berlin, wanawake wa Ujerumani walikuwa wakiongoza kwa mbali walipokiangusha katika mpokezano wa mwisho.

Namna yenyewe ni hii. Mpokeaji huweka alama chini, nyuma yake. Mwenzake akiikanyaga tu, yeye hutimka bila kugeuka, kisha kwa sauti ya “shika!” hunyoosha mkono nyuma. Wa kwanza hubeba kwa mkono wa kulia, wa pili hupokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hakuna kuhamisha mkono njiani. Wengi hukishusha kijiti kutoka juu kwenye kiganja. Wajapani wanakipandisha kutoka chini, na kwa mtindo huo walipata fedha Rio mwaka 2016 kwa sekunde 37.60, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10.

Ndiyo maana Mkenya Ferdinand Omanyala, mwenye sekunde 9.77 katika mita 100, peke yake haifanyi Kenya kuwa tishio katika 4x100. Miguu hainunui mazoea ya watu wanne.

Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mbio hizi zinajulikana kama kwingineko nchini Tanzania, kupitia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Tatizo la mashindano ya shule ni kwamba timu ya wilaya au mkoa huokotwa kutoka shule mbalimbali, na wanne hao hukutana kambini, muda ukiwa mfupi. Mwalimu mwenye busara angeanza na wanne wa shule moja, hata kama wa tano anayetoka kwingine ana kasi zaidi. Alama ya kutimkia haihitaji tartani. Huchorwa kwa kisigino kwenye vumbi. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba tangu Novemba 2017 eneo la kupokezana la 4x100 ni mita 30, si 20 zilizozoeleka. Lile la 4x400 halikuguswa.