Futari Hufuata Soko

Wanaosimulia mapishi ya Unguja huanzia kwenye karafuu na majahazi ya Oman. Mimi naanzia kwenye pakacha. Husukwa shambani, papo hapo chini ya mnazi, kwa kuti bichi. Likishajazwa embe au muhogo hufungwa mdomo, na likishamwagwa sokoni kazi yake imekwisha. Kilichomo ndicho kilichoamua mji ule nini.

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, enzi ya Seyyid Ali bin Hamud. Siku hizo mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja la hapo ndilo lililopaachia jina. Mwaka 1905 ikaanza reli ya Bububu, watu wa shamba wakapata njia nyingine ya kuingia mjini. Bahari ile ilifukiwa, reli ikang'olewa. Mnada ungalipo. Dalali husimama juu ya mzigo akinadi, wachuuzi hupandishiana bei, kisha mzigo mmoja hugawanywa mafungu.

Bibi yangu hakupanga mapishi kabla mnada haujaisha. "Mjukuu wangu," alikuwa akisema, "kwanza tukaone kilichoshuka."

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni futari. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2000 tulifunga kati ya Novemba na Desemba, embe zimejaa, na embe mbichi ikatia ukali kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu. Mwaka 2015 tulifunga Juni na Julai, kusi inavuma, tukafuturu kwa vilivyochimbwa baada ya masika: muhogo, majimbi, viazi vitamu. Mtu aliyeishi miaka 70 ameiona Ramadhani ikipita kila msimu mara mbili.

Shelisheli ndilo lililonifunza zaidi. Lichaguliwe lililokomaa lakini bado gumu, na utomvu umeganda juu ya ganda. Menya, toa moyo, kata vipande vinene. Chemsha kwa tui jepesi na chumvi mpaka uma upenye bila kuvunja kipande, ndipo utie tui zito, na usiliache litokote sana maana litakatika. Bibi hakutia hiliki; alisema shelisheli la siku hiyo halihitaji kusaidiwa, na mimi nakubaliana naye mpaka leo.

Mapishi haya ya kufuata soko yaliwahi kuuokoa mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipotolewa kwa mgao, muhogo, ndizi mbichi na majimbi ndivyo vilivyolisha nyumba nyingi, na wapishi walijua tayari la kufanya navyo. Ujuzi huo hausomwi siku moja dhiki inapoingia.

Siku hizi mbatata, vitunguu na nyanya huvushwa kutoka Bara mwaka mzima, na meza nyingi za futari zinafanana, iwe kaskazi au kusi. Sivikatai, navinunua pia. Lakini wewe unayekwenda Darajani kesho, usiende na orodha. Muulize mchuuzi kipi kimetoka shamba asubuhi hii, ununue hicho, na mtoto wako awe jikoni unapokipika.