Divai ya Altare na Kasiksi ya Nyumbani

Watoto wanaojifunza katekisimu huuliza mara nyingi kwa nini padri hatii kasiksi katika kalisi. Kasiksi, wasema, ni kazi ya mikono ya baba zetu, na divai ya Misa hatujui hata imetoka kwa nani. Mtu mzima aweza kucheka, lakini swali hili si la kitoto. Ndani yake mna historia ya vinywaji viwili: kimoja cha mbali, kingine kilichozaliwa katika migomba yetu. Ndugu msomaji, tuzitazame historia hizo mbili.

Rughenda ni mtaa wa Butembo, penye uwanja mdogo wa ndege. Mji huu u karibu sana na mstari wa Ikweta, juu ya vilima vyenye kimo cha zaidi ya mita 1,700. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mgomba huipenda nchi ya namna hiyo. Mzabibu hauipendi, kwa maana unyevu mwingi huleta ukungu katika majani na matunda yake. Basi si ajabu kwamba wazee wetu walikunywa ndizi, wala si zabibu.

Lakini hata mgomba ulikuwa mgeni hapo kale. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na kisiwa cha Guinea Mpya. Ulivuka Bahari ya Hindi, ukapanda bara polepole hata ukafika Maziwa Makuu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Huko wakulima walichagua machipukizi, kizazi baada ya kizazi, hata wakapata ndizi za kupika na ndizi za kukamua. Ndizi hizi za pili ni chungu au kakasi zikiwa mbichi, lakini zikiiva hutoa maji matamu. Waganda waita kinywaji chake tonto, Wanyarwanda urwagwa, Warundi urwarwa. Kwetu Kivu twasema kasiksi.

Kuikamua kwahitaji ujuzi. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi. Huzikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto kidogo, au hutundikwa juu ya jiko. Baada ya siku nne hivi au sita zimeiva zote pamoja. Kisha humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti, na kupondwa kwa mikono au kwa miguu pamoja na nyasi ndefu ngumu. Nyasi hizo si za kuchuja tu: ukakasi wa ndizi hushikamana nazo, na ndipo maji hutoka safi na matamu. Huongezwa maji kidogo, na unga wa mtama au wa ulezi uliokaangwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani, huachwa siku moja au mbili. Chachu iliyo katika nafaka na katika ule mti wa mtumbwi hufanya kazi yake, na povu huinuka. Wazee hawakujifunza ujuzi huo kitabuni. Mtoto aliujua kwa kumshikia babake kibuyu.

Jambo moja lataka kuangaliwa. Kasiksi haikai. Siku mbili tatu zikipita, yaanza kuwa siki. Kwa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani na mtu mmoja ili atajirike nayo peke yake. Hukamuliwa kidogo kidogo, mtumbwi kwa mtumbwi, na sharti inywewe na watu waliopo: waliokuja kulima pamoja, waliokuja kuposa, waliokuja kuzika. Udogo wa kazi hii si aibu yake. Ndio ulioifanya iwe kinywaji cha jirani.

Sasa tuseme juu ya divai. Bwana wetu, katika karamu ya mwisho, alitumia divai ya zabibu, kama ilivyokuwa desturi ya taifa lake. Kanisa limeshika jambo hilo. Mtaguso wa Florence ulilitaja mwaka 1439. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zililiandika, na zile za mwaka 1983 zimelirudia katika kanuni ya 924: divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Mwaka 2017 Roma iliwakumbusha tena maaskofu wa ulimwengu wote. Basi padri haiachi kasiksi kwa kuidharau. Aiacha kwa sababu hana ruhusa ya kubadili alichopokea.

Lakini sheria hiyo ilileta taabu kubwa ya njia. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo, na mwezi wa Februari 1879 wawili wao walifika Uganda. Safari ya miezi kwa miguu, na divai ya Misa sharti iwemo katika mizigo! Joto la njiani laweza kuigeuza siki, kama kasiksi ya juzi. Kwa ajili ya shida za namna hiyo, Roma iliruhusu mwishoni mwa karne ya 19 kuiongezea divai spiriti kidogo iliyotokana na zabibu zenyewe, nguvu yake isizidi 18 kwa 100. Kwao Algeria, Mapadri Weupe walikuwa na mashamba yao ya mizabibu huko Maison-Carrée. Mapadri Waasompsio walipofika katika nchi ya Beni mwaka 1929, wao pia walikuta vilima vya migomba, si vya mizabibu.

Hata hivyo Afrika yetu si nchi isiyoweza kuzaa divai. Katika miaka ya 1950 wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu Dodoma, huko Tanganyika, katika misioni ya Bihawana. Dodoma ni pakavu, na ukavu huo ambao wakulima wa mahindi huulalamikia umeusaidia mzabibu. Hakuna majira ya baridi kali, kwa hiyo mzabibu ukipogolewa vizuri huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wakulima wengi wa huko ni wadogo, wenye eka chache tu. Kila nchi, basi, ina tunda lake, na mtu mwenye akili huuliza udongo kwanza.

Nasi twaulizwa: tunda letu twalitunza? Mwaka 2001 mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliojulikana Ethiopia tangu mwaka 1968, ulionekana Masisi, kisha ukaenea Kivu. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni kahawia. Hazina maji ya kukamua. Nao ugonjwa huu hupenda sana ndizi za pombe, kwa maana wadudu huuchukua kutoka ua hata ua. Panga nalo huuchukua kutoka mgomba hata mgomba. Ongeza vita: katika nchi ya Beni, tangu mauaji ya mwaka 2014, watu wengi wamekimbia mashamba yao. Shamba likiachwa, machipukizi hupotea, na ujuzi hupotea pamoja nayo.

Dawa ya kuuponya mgomba hakuna, lakini kinga ipo. Mkungu ukiisha kutoa ndizi zake, vunja lile ua linaloning'inia chini, kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Pitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Shina lililougua likatwe mapema. Na jirani aambiwe, asifichwe.

Basi mtoto wa katekisimu ajibiwe hivi: divai ya altare tumeipokea, nasi hatuigeuzi. Kasiksi nayo tumeipokea, kwa wazee wetu. Kisha baba amchukue mtoto huyo shambani, amwonyeshe jinsi ya kuvunja ua la mgomba kwa kijiti.