Bastola, Saa na Mwamuzi: Historia ya Kanuni za Ulengaji Shabaha wa Vitendo

Ulengaji shabaha wa vitendo kwa bastola ni mchezo ambao historia yake haitenganishiki na historia ya kanuni zake, kwa kuwa bila kanuni hizo usingekuwa mchezo, bali watu wenye silaha wanaoshindana na saa. Katika mashindano ya shabaha ya Olimpiki, yaliyokuwapo tangu Michezo ya kwanza ya zama hizi mwaka 1896, mlengaji wa bastola husimama mahali pamoja, huelekea upande mmoja, na shabaha yake huwa umbali uliopimwa na kujulikana. Katika ulengaji wa vitendo mshindani huanza bastola ikiwa ndani ya ala yake kiunoni, huichomoa anaposikia mlio, hupita kati ya vizuizi, hubadilisha magazini, yaani kibweta kinachobeba risasi, huku akitembea, na hulenga shabaha za karatasi na za chuma ambazo mpangilio wake hubadilika kutoka shindano moja hadi jingine. Kasi huhesabiwa pamoja na usahihi, na katika muungano huo ndimo zinamozaliwa hatari na mabishano.

Kwa wakazi wa Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, bastola hujulikana zaidi kiunoni mwa askari polisi au mkononi mwa mlinzi wa benki kuliko kiwanjani, na suala la usalama wa silaha lina kumbukumbu nzito jijini humo. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala, wilayani Temeke, lililipuka, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na maelfu wakayakimbia makazi yao. Haikupita miaka miwili, tarehe 16 Februari 2011, maafa ya aina hiyo yakaikumba Gongo la Mboto katika wilaya jirani ya Ilala. Hifadhi ya mabomu na mchezo wa bastola ni mambo mawili yaliyo mbali sana, lakini mtu aliyewahi kukimbia usiku akiwa na watoto mgongoni ana haki ya kuuliza swali la usalama kabla ya swali lingine lolote, na ni jambo la kuheshimika kwamba mchezo huu nao umeliweka swali hilo mbele.

Chimbuko lake ni California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha wanamaji wa Marekani, alipoanza kuandaa mashindano katika mji wa milimani wa Big Bear Lake. Mashindano ya awali yalikuwa ya kuchomoa bastola haraka na kulenga shabaha iliyo karibu, na wengi walilenga kwa mkono mmoja, kutoka kiunoni, bila hata kuyatazama matundu ya kulengea. Jack Weaver, askari wa ofisi ya sherifu wa Los Angeles, aliishika bastola kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa macho na kuwashinda waliokuwa wepesi kuliko yeye. Kutokana na ushindi wake Cooper na wenzake walijifunza kwamba mashindano ya wazi, yenye masharti sawa kwa wote, hufichua ukweli ambao mabishano ya maneno hayaufikii. Kanuni za wakati huo zilikuwa chache, na sehemu kubwa ya usalama ilitegemea mazoea na heshima ya watu waliofahamiana.

Utaratibu wa namna hiyo haukuweza kudumu baada ya mchezo kuvuka mipaka. Mwezi Mei 1976 wajumbe kutoka mabara kadhaa walikutana Columbia, katika jimbo la Missouri, wakaunda Shirikisho la Kimataifa la Ulengaji wa Vitendo, linalofahamika kwa kifupi cha IPSC, na Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu iliyochaguliwa ni ya maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi, na mfumo wa alama ukajengwa ili pasiwe na moja kati ya hayo matatu linaloyameza mengine. Msingi wake ni kugawanya alama za mshindani kwa sekunde alizotumia. Aliyepata alama 60 kwa sekunde 10 hupata uwiano wa 6, ilhali aliyepata alama 55 kwa sekunde 8 hupata 6.875 na kumpita. Lakini huyo wa pili akikosa shabaha moja hukatwa alama 10, na kasi yake yote huwa imepotea bure. Nguvu nayo hupimwa: uzito wa risasi huzidishwa kwa mwendo wake, kwa kutumia risasi ambazo waamuzi wamezichukua kutoka kwa mshindani mwenyewe, na yule ambaye bastola yake ina msukumo mkubwa, hivyo ni ngumu zaidi kuidhibiti, hulipwa alama 4 badala ya 3, au 2 badala ya 1, pale risasi inapogonga nje ya eneo la kati. Eneo la kati lina alama 5 kwa kila mshindani.

Hata hivyo, haki iliyokuwa ikijengwa kwa uangalifu huo ndani ya kiwanja ilikosekana kwenye lango la kuingilia. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare, katika Rhodesia ya Ian Smith, serikali ya Wazungu wachache iliyokuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa na iliyokuwa ikipigana na wapigania uhuru; yale ya mwaka 1979 na ya mwaka 1981 yalifanyika Johannesburg, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria ya nchi. Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na huko Kurasini, Temeke, ndiko FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikokuwa katika miaka ya 1960 na Taasisi ya Msumbiji iliyosomesha vijana wa nchi iliyokuwa bado vitani. Tanzania ilikuwa pia mstari wa mbele katika kutumia michezo kama silaha ya kisiasa: mwaka 1976 ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda Afrika Kusini, haikufungiwa, na kwa uamuzi huo Filbert Bayi, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia. Nchi iliyokubali kuipoteza nafasi ya medali ya Bayi kwa ajili ya msimamo isingeweza kupeleka walengaji Salisbury. Historia za mchezo huu zilizoandikwa kwingineko hulipita jambo hili haraka, ilhali kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndilo linaloeleza kwa nini mchezo uliostawi mapema upande wa kusini wa bara ulichelewa kuvuka mto Zambezi. Uadilifu wa mwamuzi hauna maana kubwa iwapo wengi wamezuiwa wasifike mbele yake.

Katika miongo iliyofuata kitabu cha kanuni kilikua na kuwa kitu imara kuliko mtu yeyote anayekitumia. Kanuni mama ni kwamba kiwanja ni baridi, maana yake kila bastola hukaa bila risasi hadi mwamuzi atoe amri, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa silaha yake isipokuwa mbele ya mwamuzi au katika eneo maalumu la usalama, ambamo bastola inaweza kushikwa na kukaguliwa lakini risasi haziruhusiwi kushikwa kabisa. Wakati wa zamu ya mshindani, mdomo wa mtutu haupaswi kupita nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta la kuzuia risasi. Kidole lazima kiwe nje ya kizingo cha kifyatulio anapotembea, anapobadilisha magazini au anaporekebisha bastola iliyokwama. Miwani ya kinga na viziba masikio husisitizwa kwa walengaji, waamuzi na watazamaji. Na shabaha za chuma hazilengwi kutoka umbali ulio chini ya mita 7, kwa kuwa vipande vya risasi hurudi. Anayefyatua risasi bila kukusudia, au anayeangusha bastola katikati ya zamu yake, huondolewa katika shindano zima hata kama hakuna aliyeumia, na hata kama ni bingwa wa dunia.

Ukali huo ndio kiini cha mchezo. Kanuni haiulizi mshindani alikusudia nini wala ana uzoefu wa miaka mingapi. Huuliza mtutu ulielekea wapi. Kwa hiyo mwamuzi hulindwa dhidi ya huruma na dhidi ya hofu, maana hatakiwi kupima tabia ya mtu bali kushuhudia tendo. Maneno yake mwenyewe yamepangwa kwa mfuatano usiobadilika: mshindani huamriwa apakie na ajiandae, huulizwa kama yuko tayari, huambiwa asubiri, na mlio wa saa hutoka kati ya sekunde 1 na 4 baadaye ili asiweze kuukisia. Akimaliza, huamriwa atoe risasi na kuonyesha chemba tupu, kisha afyatue kuelekea kwenye tuta kuthibitisha kwamba hakuna kilichobaki, kisha airudishe bastola kwenye ala. Hapo tu ndipo mwamuzi hutangaza kwamba uwanja ni salama na wengine huruhusiwa kusogelea shabaha. Maelezo ya kila kituo cha kulenga huandikwa, na kila kundi la washindani husomewa neno kwa neno, ili kundi la asubuhi lisipewe dokezo ambalo kundi la jioni halikulisikia.

Saa za kubonyezwa kwa kidole zilizotumiwa mwanzoni ziliwapa waamuzi mamlaka makubwa mno, kwa kuwa kidole kilichochelewa kidogo kiliweza kuamua nafasi ya kwanza. Kuja kwa saa za kielektroniki zinazosikia mlio wa risasi kuliondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo. Mabamba ya chuma yanayopaswa kuanguka yakipigwa yalileta mgogoro wa aina nyingine. Mshindani akiligonga bamba na likakataa kuanguka, anaweza kudai kwamba lilifungwa vibaya. Bamba huachwa lilivyo, na ofisa wa vipimo hulipiga kwa risasi yenye nguvu iliyopimwa. Likianguka, mshindani huhesabiwa amekosa. Lisipoanguka, hurudia zamu yake. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa uamuzi ambao aliyeshindwa anaweza kuukubali bila kumnung'unikia mtu.

Rufaa kuhusu tundu la risasi kwenye karatasi hupanda kutoka kwa mwamuzi wa kituo hadi kwa mwamuzi mkuu wa uwanja, ambaye neno lake ni la mwisho. Masuala mengine huweza kupelekwa kwa kamati ya watu watatu, kwa ada inayorudishwa rufaa ikikubaliwa. Jambo litakalowashangaza wanaofuatilia soka katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, ni kwamba kamati hiyo haipokei picha za video kama ushahidi. Sababu zake zinaeleweka: kamera ya rafiki humfuata mshindani mmoja na si mwingine, na pembe yake hudanganya kuhusu nyuzi 90, nao ushahidi unaopatikana kwa baadhi tu ya washindani hauwezi kuwa ushahidi wa haki.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka na Afrika Kusini kurejeshwa katika Olimpiki mwaka 1992, kizuizi cha kisiasa kiliondoka, na katika Afrika Mashariki ni Kenya iliyoupa mchezo huu makazi. Huko Kirigiti, katika kaunti ya Kiambu, wamiliki wa silaha wenye leseni hufanya mafunzo na kushindana, chini ya usimamizi wa mamlaka zilizowataka wamiliki raia kuhakikiwa upya kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018. Tanzania ilifanya uhakiki wake mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chama chochote cha mchezo huu Dar es Salaam hulazimika kutii sheria mbili kwa pamoja: hiyo ya silaha, inayosimamiwa na polisi, na ile ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, inayotaka kila chama cha michezo kisajiliwe.

Sharti gumu zaidi, hata hivyo, ni la ardhi. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa kizuizi, kwa hiyo kituo cha mashindano hudai tuta refu la udongo nyuma na pembeni, na eneo tupu nyuma ya tuta lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728, baadhi yao wakijenga katika viunga kama Bunju na Chamazi, ambavyo vilikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Uwanja wa shabaha unaopimwa leo katika viunga hivyo unapaswa kupimwa pamoja na nyumba ambazo bado hazijajengwa, na mamlaka za Kinondoni na Temeke zikiombwa kibali, swali la kwanza la kumuuliza mwombaji ni nani anamiliki ardhi iliyo nyuma ya tuta.